Kichaka cha ekari saba Magu: nikitunzeje ili kanga na kwale wapate maficho?

Mwenye_Luseni

Heshima kwenu, wakubwa kwa wadogo. Naomba ushauri wa wenye uzoefu wa misitu midogo na ndege wa porini. Tuna eneo la ekari saba wilayani Magu, upande wa Ghuba ya Speke, tuliloachiwa na marehemu baba. Sehemu ya juu ni ya mawe makubwa, kama mnavyoyajua mawe ya Mwanza, na katikati ya mawe hayo pameota migunga, mikole, mikwaju michache na vichaka vya miiba vya kila namna. Chini ya hapo, kwenye udongo wa luseni, yaani wa kichanga, kuna ekari kama tatu za mikaratusi ambayo baba aliipanda kwa ajili ya nguzo na kuni. Ndani yake ni majani makavu matupu, hata nyasi ya kumshibisha mbuzi mmoja haipo. Kisha ardhi inashuka kwenye udongo mweusi wa mbuga, ambako majirani wanalima mpunga, choroko na mtama, na baada ya hapo ni matete na maji ya ziwa.

Kanga wapo na kwale wapo. Kwale huwika alfajiri upande wa mawe, na wakati wa kiangazi kundi la kanga hupita shambani likielekea majini. Tatizo ni kwamba mvua zikianza na kundi likigawanyika wawili wawili, vifaranga huonekana kidogo kisha hupotea. Ndugu zangu wanataka tufyeke vichaka vyote ili eneo liwe safi na nyoka wapungue. Mimi ningependa pawe maficho ya ndege hao, watu waje kuwatazama, na huko mbele, iwapo sheria inaruhusu, pawe na uwindaji mdogo wa kulipia. Nimesoma maelezo ya Waingereza kuhusu misitu yao midogo ya fesanti, ndege wao wa kuwindwa wa jamii ya kwale, ambako wanasisitiza njia za ndani zinazopigwa jua, ukataji wa miti kwa zamu, na ukingo wa vichaka vifupi kuzunguka msitu. Je, hayo yanatufaa sisi? Mikaratusi niiondoe? Nipande nini? Na je, niwawekee chakula?

Bwana_Miti_Mstaafu

Ndugu Mwenye_Luseni, kabla hujashika panga wala kununua mche, fanya jambo moja. Ingia kwenye hiyo mikaratusi, piga magoti, utazame mbele kwa urefu wa kanga. Kama unaona mwanga wa upande wa pili, basi kwa ndege anayeishi chini hapo pana nguzo zinazosubiri mnunuzi, na si maficho. Halafu nenda kwenye mawe ufanye vivyo hivyo. Utakuta macho yanaishia hatua chache tu mbele yako, kwenye matawi ya mikole yaliyolala, nyasi zilizosongamana na miiba. Sehemu ambayo ndugu zako wanataka kuifyeka ndiyo iliyowaweka ndege wako hai hadi leo, na ile wanayoiona safi haiwafaidii ndege chochote, pengine isipokuwa matawi machache ya kulalia.

Kuhusu maelezo ya Waingereza, yasome, lakini ujue yaliandikwa kwa shida gani. Fesanti kule si ndege wa asili. Mamilioni yao hulelewa na kuachiwa kila mwaka, na msimu wao wa kuwinda kwa Uingereza ni kuanzia tarehe 1 Oktoba hadi tarehe 1 Februari, yaani majani yanapopukutika na baridi inapoingia. Kwa hiyo hangaiko lao kubwa ni upepo wa baridi unaopenya chini ya miti mikubwa iliyokosa vichaka, na ndiyo maana wanapanda ukingo mzito wa miti isiyopukutisha majani. Kwetu adui si baridi. Adui ni kiangazi cha Juni hadi Septemba, pamoja na moto, mifugo na shoka vinavyokuja nacho. Hata hivyo, kanuni yao ya kuingiza jua ndani ya msitu inatufaa kwa sababu nyingine: jua likigusa ardhi, nyasi na magugu huota, penye nyasi na magugu panakuwa na panzi na mchwa, na kifaranga wa kanga au kwale katika wiki zake za kwanza anakua kwa wadudu kuliko kwa mbegu.

Mikaratusi usiiondoe yote kwa mkupuo. Iuze kwa vipande, kila kiangazi ukanda mmoja, ukianzia upande unaopakana na mawe ili vichaka vilivyopo viwe chanzo cha mbegu na vitambae kuelekea chini. Mkaratusi ukikatwa huchipua kutoka kwenye kisiki, nawe usipoamua mapema utajikuta na msitu uleule baada ya miaka michache. Ukanda unaotaka uwe wa vichaka, vunja machipukizi kila yanapotokea, au chuna gome la kisiki hadi ardhini, mpaka kife. Ukanda mmoja wa katikati unaweza kuuacha uendelee kuchipua kwa ajili ya nguzo. Sioni dhambi ya mtu kupata fedha ya kumlipa mlinzi.

Katika nafasi zilizofunguka sipendekezi miche mingi ya kununua. Mikole ya kwenu inatosha: ukiikata chini inachipua kwa wingi na kutengeneza kichaka kinene, na matunda yake huliwa na ndege. Kata theluthi moja ya mikole mwaka huu, theluthi nyingine mwakani, ili wakati wote kuwe na kichaka kichanga, cha kati na kikubwa. Pale palipo wazi mno, kata tawi nusu, ulilaze chini likiwa bado limeshikamana na mti. Litaendelea kuishi likiwa limelala na kufunika ardhi. Miiba ya migunga uliyoikata usiichome, irundike kati ya vichaka, kwani mwewe hawezi kuingia humo na mbwa wa mchungaji hatajisumbua. Migunga mikubwa yenye matawi ya kulala, na mkuyu kama upo, usiiguse kabisa, kwa sababu kanga hulala juu ya miti usiku, na kundi likikosa mti wa kulalia litahama hata kama chakula kipo.

Kitu kimoja ambacho wengi hukikosea ni kudhani kwamba kizito zaidi ndicho bora zaidi. Kifaranga aliyelowa umande kwenye nyasi nene zisizo na pa kupitia hupata baridi na kufa. Anahitaji vijia vyembamba, upana wa hatua mbili au tatu, vinavyopindapinda ili kusiwe na mstari mrefu ulionyooka, pamoja na sehemu ya vumbi kavu ya kujikung'utia, na mara nyingi sehemu hiyo utaikuta chini ya mwamba ulioinama. Vichuguu viache vilivyo. Nyasi za vijiani unaweza kuzichoma kidogo kidogo mwanzoni mwa kiangazi, wakati bado zina ubichi ndani, ili zisije zikawaka zote mwezi wa Septemba.

Binti_Wa_Ngudu

Shikamoo mzee Bwana_Miti. Nakubaliana nawe kwa karibu yote isipokuwa moto. Kwenye ekari saba zinazopakana na mawe, na upepo wa ziwa unaoanza kuvuma mchana, moto wa kuchoma kidogo kidogo hautii maneno ya mtu. Mtu aliye na ekari mia anaweza kupoteza kumi akabaki na msitu, lakini ndugu yetu akipoteza tatu amepoteza kichaka chake chote cha kuatamia. Isitoshe, kuchoma porini kunahitaji kibali, na moto ukiruka kwa jirani maelezo yatakuwa marefu. Mimi ningetumia fyekeo na ng'ombe.

Ndiyo, ng'ombe, tena nasema hivyo nikijua wengi wataguna. Wasukuma tuna ngitili tangu enzi za mababu: eneo la malisho linafungwa mvua zinapoanza, linaachwa lipumue na kuota, kisha linafunguliwa kiangazi kinapokaza na nyasi za kwingine zimekwisha. Mradi wa Hifadhi Ardhi Shinyanga ulioanza mwaka 1986 haukuleta teknolojia ya ajabu. Ulirudisha utaratibu huo kwenye ardhi ambayo miti yake ilikuwa imekwisha, nyingine ikiwa imefyekwa tangu ukoloni ili kuwaondoa mbung'o, na ngitili zikaongezeka hadi zaidi ya hekta 300,000 mkoani humo. Sasa tazama kalenda ya kanga. Anaanza kutaga mvua zinaposhika, anafukua kishimo kidogo chini ya nyasi au kichaka, anaweka mayai sita hadi kumi na mawili na wakati mwingine zaidi, anaatamia kwa siku 26 hadi 28, na vifaranga wanahitaji kama wiki mbili kabla ya kuweza kupapatika kidogo na kukwepa hatari. Miezi hiyo yote ngitili imefungwa. Ng'ombe wanaporuhusiwa kuingia, viota vimeshamaliza kazi, nao wanakula nyasi ndefu ambazo zingekuwa kuni za moto wa Septemba. Wazee hawakuwa wanafikiria kanga walipopanga hivyo, lakini kalenda inaingiana kabisa.

Sharti lake ni idadi na muda. Waingie wachache, kwa siku chache, bila mbwa, na mbuzi wasiingie kabisa kwenye mikole iliyokatwa, maana watamaliza machipukizi yote. Afadhali pia ukae na wazee wa kitongoji mkubaliane kwa uwazi, kwa sababu ukipiga marufuku peke yako mifugo itaingia usiku. Mahali ambapo dagashida, yaani mkutano wa jadi wa Wasukuma, bado inasikilizwa, makubaliano yake yana nguvu kuliko bango lolote la kukataza.

Kuhusu nyoka, dada zangu nao husema hivyohivyo kila mwaka. Fyekeni meta kadhaa kuzunguka nyumba, mwondoe marundo ya kuni karibu na jiko na nafaka zinazovuta panya. Nyoka aliyeko mawe ya juu hana shida na ninyi.

Mwenye_Luseni

Nawashukuru sana. Maswali mawili yamebaki. La chakula sijajibiwa. La pili ni njia ya majini: kutoka mikaratusi hadi ziwani hakuna kichaka chochote, ni mashamba na uwanda mtupu, na hapo ndipo nimewahi kumwona mwewe akiwapitia.

Mtazama_Ndege_Ilemela

Ndugu, hili la pili ndilo ningelianza nalo kama eneo lingekuwa langu, kwa sababu kanga katika kiangazi hulazimika kunywa maji karibu kila siku, na kichaka kizuri kilichotengwa na maji kwa uwanda mtupu huwa mtego. Habari njema ni kwamba sheria imeshakusaidia. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli za kudumu za binadamu ndani ya meta 60 kutoka ukingo wa ziwa au mto pale zinapoweza kuharibu mazingira hayo. Ukanda huo watu wengi hapa kwetu wanauona kama hasara. Kwako uwe faida: uache uote matete, magugu marefu na vichaka vya asili, bila kufyeka wala kuchoma, na utakuwa na maficho ya bure kando ya maji. Kazi yako inabaki ile sehemu ya mashamba iliyo katikati.

Hapo usijaribu kupanda msitu. Zungumza na jirani mmoja tu, yule ambaye shamba lake linaunganisha mikaratusi na ule ukanda, akuruhusu kuweka mistari miwili au mitatu ya mbaazi kwenye mpaka. Mbaazi hukaa shambani zaidi ya msimu mmoja usipoing'oa, juu inafunika na chini ni wazi kiasi cha ndege kukimbia, naye jirani anavuna. Kanga na kwale hupenda kukimbia kabla ya kuruka, na njia ya namna hiyo inawatosha. Mtama nisingeupanda kwa kusudi la ndege, hata kama unawafaa, kwa kuwa utawaita kweleakwelea, na hapo utagombana na kijiji kizima.

Chakula cha kumwaga usiweke. Kundi likizoea kula mahali pamoja, nguchiro, kenge na paka waliotoroka majumbani nao watazoea mahali hapo, panya watafuata, na ugonjwa ukiingia utasambaa kwa siku chache. Kanga ana makucha na anajua kazi yake. Mtazame kwenye shamba lililovunwa: hukwangua udongo kwa mguu, anainama, anachomoa kitunguu kidogo cha ndago, anakwangua tena. Gugu ambalo mkulima analilaani ndilo mlo wake wa kiangazi. Ukitaka kumwongezea chakula, acha kona moja ya shamba bila kulimwa upya baada ya mavuno hadi mvua zianze, basi. Lakini mweleze jirani ukweli pia, kwamba wakati wa kupanda kanga hao hao watafukua mahindi na karanga zake, hivyo siku zile za kwanza awe na mtu wa kuwafukuza. Mkulima asiyeambiwa mapema ndiye anayeishia kutia sumu kwenye mbegu, na sumu haichagui.

Kwa habari ya wageni wa kutazama, nakushauri ujifunze kutofautisha kwale wako. Mwenye miguu myekundu na shingo nyekundu tupu isiyo na manyoya anapatikana sehemu nyingi za Afrika. Lakini upande wetu huu wa kusini mashariki mwa ziwa, hadi Serengeti, yupo kwale mwenye kifua cha kijivu na koo tupu la rangi ya chungwa iliyochanganyika na waridi, ambaye duniani kote hapatikani nje ya Tanzania. Watazamaji wa ndege husafiri kutoka mbali kwa ajili ya ndege wa namna hiyo. Kama ndiye anayewika kwenye mawe yako, ana thamani kubwa zaidi akiwa hai kwenye kichaka kuliko akiwa kwenye begi la mwindaji, na hilo nalisema bila chuki yoyote kwa wawindaji.

Afisa_Ugani_Mstahiki

Niongeze machache ambayo hayajaguswa. Kwanza, ardhi ni yako lakini ndege si wako. Chini ya Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori Na. 5 ya mwaka 2009, wanyamapori ni mali ya umma chini ya udhamini wa Rais, na kanga aliyelala juu ya mgunga wako ni mnyamapori sawa na nyumbu wa Serengeti. Kutunza makazi yake hakuhitaji ruhusa ya mtu. Kumwinda, kumtega, kuchukua mayai yake au kumfuga bila leseni ni kosa, na sumu na mitego ya nyaya ni haramu hata kwa mwenye leseni. Kwa hiyo suala la uwindaji wa kulipia usilitangaze kwa mtu kabla ya kuonana na afisa wanyamapori wa wilaya na ofisi ya TAWA, yaani Mamlaka ya Usimamizi wa Wanyamapori, wakueleze kinachowezekana kwenye eneo la ukubwa huo. Binafsi sioni namna ekari saba zinavyoweza kubeba uwindaji wa maana bila kumaliza kundi. Risasi zikilia hapo mara chache tu, kanga watahamia kwa mtu mwingine.

Pili, vifaranga wanaopotea. Wenzangu wamesema habari za mwewe na umande, nami sikatai, lakini ulizeni pia watoto wa kitongoji. Ni desturi ya sehemu nyingi za kwetu mtu akikuta kiota cha kanga huchukua mayai na kumwekea kuku aatamie. Kama hali ni hiyo, hakuna kichaka kitakachosaidia mpaka mzungumze na wazazi wao. Mlinzi wako, badala ya kuzunguka na rungu mchana kutwa, apewe kazi ya kupita kwenye vijia asubuhi na kutoa nyaya za mitego.

Tatu, kuku. Kideri kinapopita kijijini, kanga nao huugua. Kama nyumbani kuna kuku wanaozurura hadi kwenye mikaratusi, wapeni chanjo ya matone ya jicho kila baada ya miezi mitatu, na kuku waliokufa wafukiwe, wasitupwe kichakani. Usilete pia kanga wa kufugwa ukawachanganya na wa porini kwa nia ya kuongeza kundi, kwa sababu utaleta magonjwa na ndege wasiojua kujificha.

Mwenye_Luseni

Nimeelewa. Kwa hiyo moto naacha, mbaazi nitaongea na jirani, na mikaratusi nitaanza na ukanda wa juu. Mzee Bwana_Miti, ukataji uwe mwezi gani?

Bwana_Miti_Mstaafu

Kata kuanzia Julai, na panga, shoka na msumeno vyote viwe vimetoka msituni kabla ya mvua za vuli kushika, kwa maana ya Oktoba. Baada ya hapo kanga anayetafuta pa kutagia akikuta kelele hatakaa. Hoja ya Binti kuhusu moto naikubali kwa eneo la ukubwa huo, fyekeo litatosha. Matawi madogo ya mikaratusi usiyarundike juu ya visiki vya mikole, yapeleke pembeni yawe kuni za nyumbani, kwani majani yake hayaozi upesi na yatafunika machipukizi. Na mnunuzi wa nguzo akija na gari, usimruhusu apakie kabla ya kuwa na vibali vya kuvuna na kusafirisha kutoka TFS, yaani Wakala wa Huduma za Misitu. Miti ni ya shamba lako, lakini kwenye kizuizi cha barabarani hawatauliza ilipandwa na nani.